Lempi Koskela na Mwizi wa Barazani

Lempi Koskela alipeleka barua za watu kwa miaka thelathini na mmoja katika mji wa Duluth, kwa miguu, kilima baada ya kilima, na hakupoteza hata moja. Ukitaka kumuudhi, mwambie posta hupoteza barua. Atakutazama kwa macho yake ya kijivu mpaka ukumbuke una shughuli mahali pengine. Mbwa walimuuma mara nne, na mara ya nne naye alimuuma mbwa. Hayo anayasema mwenyewe, mimi sikuwepo, ila mbwa yule hakumbwekea tena.

Alipostaafu, na mumewe Reino alipofariki, alibaki peke yake katika nyumba ya mbao ambayo Reino aliijenga kwa mikono yake, na nyuma yake kibanda cha mvuke ambamo Lempi huoga kila Jumamosi mpaka anaiva. Miaka sabini na sita. Anapika mwenyewe, anakwangua theluji mwenyewe, anaendesha Buick lake kuukuu mwenyewe. Alikuwa na jambo moja tu la kumwomba Mungu: atolewe katika nyumba ile akiwa amelala chali, si kabla.

Basi, vuli ile mwizi akaingia mtaani. Alikuwa mwizi wa asubuhi, mstaarabu wa aina yake, havunji mlango wala dirisha. Anapita tu barazani, anaokota kifurushi kilicholetwa, anakwenda zake. Kwenye masanduku ya barua ya pembeni mwa barabara alikuwa na akili zaidi. Watu wa kule, wakiwa na barua ya kutuma, huiweka ndani ya sanduku lao na kuinua kibendera chekundu cha pembeni ili mtu wa posta ajue kuna kitu cha kuchukua. Sasa kibendera hicho hakichagui wa kumwita. Mwizi naye ana macho.

Lempi aliibiwa viatu vya manyoya alivyotumiwa na bintiye Denise, anayeishi Arizona kwenye jangwa. Wiki mbili baadaye ikaibiwa bahasha ya picha za mjukuu. Denise akapiga simu, na Denise akipiga simu huwa hapigi kwa utani.

"Mama, unaishi na wezi."

"Naishi na majirani. Mwizi ni mmoja tu."

"Viatu vimekwenda, picha zimekwenda. Cha tatu utakuwa wewe."

"Mimi nani atanibeba? Hakuna cha tatu. Kikiibiwa cha tatu, njoo unichukue, nitapanda ndege kimya kimya kama mzigo."

"Apa."

Na Lempi, kwa kiburi chake kile cha Kifini alichorithi kwa wazazi, akaapa kwa kaburi la Reino. Alipokata simu ndipo alipotambua alichokifanya. Maana mwanamke yule akishaapa, ameapa. Aliuona mji wa jua na nyumba isiyo na ngazi na Denise akimuuliza kila saa kama amekunywa maji, na moyo ukamshuka mpaka kwenye soksi.

Kuanzia hapo akawa askari. Kila asubuhi alipita mtaa mzima akishusha vibendera vya watu, anachukua barua zao na kuzipeleka mwenyewe posta kwa gari. Akaitisha mkutano kwenye chumba cha chini ya kanisa, na kwa kuwa kule hakuna mkutano bila mabakuli ya viazi na nyama yaliyookwa, watu wakaja wengi. Wakamchagua mwenyekiti wa ulinzi wa mtaa kwa sababu hakuna aliyethubutu kuchaguliwa mbele yake.

"Na magari!" alisema, akigonga meza kwa kijiko. "Mtu anayewasha gari asubuhi akaliacha nje linajipasha moto peke yake, ufunguo ndani, yeye karudi jikoni kunywa kahawa, huyo asimlilie mwizi. Huyo amemwandalia mwizi kiti na kukipasha moto!"

Watu wote wakatikisa kichwa huku wakitazama viatu vyao. Kwa baridi ya kule, yule asiyefanya hivyo hana gari.

Halafu akaingiwa na shetani wa utani. Chini ya nyumba kulikuwa na takataka za Reino za miaka arobaini: magazeti ya uvuvi, mitego yenye kutu, taa zisizowaka, redio iliyokufa tangu zamani ambayo Reino aliahidi kuifufua mpaka akafa yeye. Kuzitupa jalalani ni kazi, na mgongo ni wa miaka sabini na sita. Lempi akachukua boksi zuri jipya, akajaza magazeti ya uvuvi, akalifunga kwa selotepu safi, akaliandikia jina na anwani kwa mwandiko wa kupendeza, akaliweka barazani. Akaenda kanisani. Aliporudi, boksi halipo.

Alicheka mpaka akashika ukuta.

"Lakini umeibiwa," alisema Arvid Tollefson, jirani wa ng'ambo, mjane mwenzake na mtu wa maneno machache, yaani akisema kumi kwa siku amehutubia. "Hicho ni cha tatu. Umeapa."

"Kuibiwa ni kuchukuliwa unachokitaka, Arvid. Kile nilikuwa nakitupa. Nimeletewa gari la taka mlangoni, bure."

Arvid akafikiri. "Mimi nina baiskeli ya mazoezi," akasema.

"Ikate vipande. Boksi ninalo."

Kufika Krismasi, nyumba nne za mtaa ule zilikuwa zimesafisha vyumba vya chini. Mwizi alibeba mapazia yaliyoliwa na nondo, alibeba vyombo vya plastiki visivyo na vifuniko, alibeba baiskeli ya Arvid kwa awamu tatu. Mama mmoja wa kona alimpa meno ya bandia ya marehemu shangazi yake, yamefungwa kwa utepe. Jamani, watu wa Duluth ni wapole, lakini upole ukikaa ndani majira yote ya baridi unaota pembe.

Ikafika asubuhi moja ya mwisho wa Januari. Baridi ilikuwa ile ambayo ukitema mate yanafika chini yakiwa kidonge. Usiku theluji laini ilikuwa imeanguka, vidole viwili hivi. Buick lilikuwa limelala nje ya nyumba likiwa limechomekwa umeme, kama magari yote ya kule siku za baridi kali. Mbele ya gari kuna plagi ya kupashia injini, na kutoka plagi hiyo unakwenda waya mrefu wa rangi ya chungwa mpaka soketi ya ukutani. Reino, Mungu amrehemu, alichoka na waya uliokuwa ukichomoka upande wa gari, akaufunga pale kwa fundo na selotepu ya kijivu raundi kumi na mbili. Huo hautoki mpaka Kiyama. Unaochomolewa ni upande wa ukuta.

Lempi akatoka na barua za majirani, akaziweka kiti cha mbele pamoja na simu yake, akawasha gari. Likakohoa, likaunguruma. Mikono ikamuuma kwa baridi. Glavu kazisahau jikoni. Akarudi ndani. Glavu zilikuwa mezani, karibu na birika. Kahawa ilikuwa bado ya moto. Pembeni ya kahawa kulikuwa na kipande cha mkate mtamu wa iliki. Akasema nafunika tu hicho kipande kisikauke, na njia ya kukifunika ikawa ni kukila.

Alipokuwa anamalizia punje za sukari kwenye sahani, akasikia mlio wa gari ukibadilika. Akakimbilia mlangoni. Buick lilikuwa linakata kona ya chini.

Mganga hajigangi! Mwenyekiti mzima wa ulinzi, mdomoni ana makombo.

Alisimama barazani na glavu moja. Hakulililia gari. Alitazama ukuta wa mbao, dirisha la jikoni, na kibanda cha mvuke na bomba lake. Ndiyo basi, alijiambia. Umekula nyumba yako na mkate wa iliki. Kisha akakumbuka simu. Denise hupiga kila siku saa mbili kamili asubuhi. Asipopokelewa mara tatu, anawapigia polisi. Saa hiyo ilikuwa saa mbili kasoro dakika ishirini.

"Arvid!" Arvid alikuwa ng'ambo anakwangua theluji. "Umeona?"

"Nimeona gari lako likienda. Nikadhani ni wewe. Nikasema leo Lempi anaendesha vibaya."

"Kwa hiyo huwa naendesha vibaya hivyo?"

Arvid alinyoosha beleshi lake kuelekea chini. Soketi ya ukutani ilikuwa inaning'inia, waya haupo. Na kutoka pale, katikati ya alama za magurudumu, juu ya theluji mpya, ulikuwa mchirizi mmoja mwembamba, safi, umekwenda mpaka barabarani ukakunja kushoto. Mwizi alikuwa ameondoka na mkia.

"Washa pikapu," alisema Lempi.

Arvid aliendesha vile anavyoendesha siku zote, kwa adabu, akisimama kwenye kila alama ya kusimama hata pasipo na mtu. Lempi alikaa ametoa kichwa dirishani kwa baridi ile, anafuata mchirizi. "Kushoto. Moja kwa moja. Kanyaga mafuta, Arvid, kwani ni ya mkopo?" Mchirizi ulipanda kilima, ukapita mbele ya kanisa lile lile la mkutano, ukashuka. Ndipo mbele yao, toka barabara ya pembeni, likaibuka greda la theluji, kubwa, la manjano, limeshusha bamba lake, tayari kukwangua barabara yote na mchirizi wake.

Lempi alishuka pikapu likiwa bado linatembea. Akasimama mbele ya greda, mkono juu, sauti ile ile iliyowatuliza mbwa kwa miaka thelathini na mmoja.

"Simama! Posta!"

Dereva akasimama. Akafungua kidirisha. "Posta gani, mama? Gari liko wapi?"

"Ndilo ninalolitafuta. Nipe dakika kumi, kakwangue kwingine."

Na dereva, sijui kwa nini, na yeye hajui mpaka leo, akarudi nyuma.

Mchirizi uliishia mitaa miwili mbele. Waya ulikuwa umejizungusha kwenye bomba la zimamoto kwenye kona, ukamvuta mwizi akakanyaga breki kwa hofu, Buick likateleza na kuzika pua ndani ya lundo la theluji. Injini inanguruma, kioo kimejaa ukungu wa joto. Ndani ameketi mwanamume wa makamo, simu ya Lempi sikioni, anaongea kwa unyenyekevu.

"Ndiyo dada... hapana, yuko salama kabisa... ndiyo, nitamwambia avae kofia... huyo anakuja sasa hivi."

Saa mbili na dakika tano. Lempi alifungua mlango na kumtambua pale pale. Alikuwa Curtis, mtoto wa marehemu Irene Palmquist, nyumba namba 412, sanduku la barua lenye mlango uliolegea. Mtu wa posta hasahau anwani.

Curtis alifunika simu kwa kiganja. Uso ulikuwa umemwiva. "Iliita mara mbili ikakatika, ikaita tena, nikaogopa, nikapokea," alinong'ona. "Nimemwambia mimi ni jirani, nakukwamulia gari. Tafadhali, Bi Koskela. Tafadhali sana."

"Sogea," alisema Lempi. Akamsukuma kwa nyonga mpaka kiti cha pili, akakaa kwenye usukani, akaziweka barua za majirani mapajani, ndipo akapokea simu.

"Mama!" ilikuwa sauti ya Denise. "Uko wapi?"

"Nimekaa ndani ya gari langu, mwanangu."

"Hakuna kilichoibiwa leo?"

Lempi alimtazama mwizi. Mwizi alitazama buti zake. Mtu asiseme Lempi Koskela anavunja kiapo: gari alikuwa amelikalia, barua zimo mapajani, simu sikioni.

"Kila kitu kiko mikononi mwangu," alisema.

"Afadhali. Na huyo Curtis, mbona hukuniambia una mtu mwema hivyo? Ametoka kwenye baridi kukusaidia! Nipe namba yake, nitampigia yeye siku usipopokea."

Alipokata simu, Arvid alikuwa amefika dirishani.

"Umemwambia jina lako?" Lempi aliuliza.

"Aliuliza," alisema Curtis. "Ningemnyima jina?"

"Niite polisi?" Arvid akauliza.

"Ukiita polisi, wataandika gari limeibiwa, Denise atajua, na mimi nitakwenda Arizona. Unataka niende Arizona, Arvid?"

"Hapana," alisema Arvid, na masikio yakamwiva, wala si kwa baridi.

Hapo Curtis naye akapata ulimi. "Nyie watu hamna haya! Nimebeba takataka zenu tangu Novemba. Magazeti ya uvuvi! Nimefungua boksi na mgongo wangu huu, nakuta meno! Nikasema basi, vifurushi vya mtaa ule haramu, bora gari."

"Wewe ndiye wa kusema haya? Vifurushi nimekusamehe, umenisafishia nyumba. Lakini barua, Curtis! Barua! Mama yako nilimpelekea barua miaka ishirini na mbili, mvua, theluji, homa, sikumkosesha hata moja, na wewe unatia mkono kwenye masanduku ya watu?" Hapo hakuwa anatania hata kidogo. "Kila barua uliyonayo, hata ya matangazo, ifike mezani kwangu kesho."

"Ndiyo, mama."

"Na jambo la pili. Umezaliwa Duluth, umekulia Duluth, ukaondoka na gari lililochomekwa umeme?"

Curtis alifunika uso kwa mikono. Hilo ndilo lililomvunja. Wizi alikuwa tayari kuukiri mbele ya mtu yeyote, lakini waya? Alimsihi Arvid asimwambie mtu, na Arvid akamwambia waya ndio atakaousema kwanza.

Kesho yake Curtis alileta mfuko. Bahasha themanini na tatu, nyingine zimefunguliwa na kuunganishwa kwa selotepu, picha za mjukuu zikiwamo. Hakuna aliyewahi kueleza kwa nini hakuzitupa. Lempi akashusha begi lake la zamani toka darini, akalivaa begani, akazipeleka moja moja, nyumba kwa nyumba, kwa miguu. Majirani wakasema posta siku hizi inachelewa mno. Aliwaacha waseme, na hiyo, kwa anayemjua, ndiyo sadaka kubwa aliyowahi kutoa.

Curtis naye hakuwa na njia. Denise alimpigia mara mbili kwa wiki. Mama amekula? Ngazi ina barafu? Akipigiwa, inambidi aende kuangalia kweli, maana hajui kudanganya vizuri. Akaanza kukwangua theluji ya Lempi, akarekebisha soketi aliyoing'oa, akapewa kahawa, tena ya kunywa amesimama. Barazani vifurushi vikawa vinalala siku mbili bila kuguswa. Watu wakalalamika kwamba vyumba vya chini vimeanza kujaa tena.

Aprili Denise akaja. Alimkuta Curtis jikoni anafunga bomba la maji, akamkumbatia mpaka Curtis akakosa pa kuweka mikono. "Siku hizi nalala, Mama," alisema. "Wasiwasi wangu wote namwachia huyu." Na siku ya kuondoka, mizigo imeshapakiwa, akatoa kitu mfukoni. Alikuwa amekwenda kwa fundi kuchonga ufunguo wa pili wa mlango wa mbele. Akauweka kiganjani mwa Curtis, akavikunja vidole vyake juu yake.

"Ukae nao wewe. Siku Mama akihitaji."

Kahawa ilimpalia Lempi. Arvid akampiga mgongoni, naye akacheka kwa mdomo, akapunga mkono mpaka gari la Denise likapotea kilimani. Kisha akageuka.

"Weka mezani."

Curtis akauweka ufunguo mezani. Arvid akakumbuka kwamba ana kazi nyumbani, akaondoka. Wakabaki wawili na ufunguo kati yao, mpya, unang'aa.

Lempi aliutazama. Siku tatu nyuma, jambo ambalo hakumwambia Denise wala Arvid, aliteleza kwenye kibanda cha mvuke. Alikaa sakafuni kama robo saa, uchi, akiwa anajiuliza nani atamkuta na lini, na aliogopa vibaya sana. Mlango wa mbele, njia ya kufika kibandani, ulikuwa umefungwa kwa ufunguo raundi mbili, kwa ajili ya wezi.

Akausukuma ufunguo kwa kidole kimoja, ukavuka meza mpaka upande wa Curtis.

"Chukua. Ukiingia ukanikuta nimeanguka," alisema, "niinue kwanza. Ndipo uchague cha kuiba."